Zile patasi siuzi tena

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Najua umenitumia sauti mara tatu na mimi nimekaa kimya kama mtu mwenye deni, nisamehe bwana. Jibu lenyewe fupi: zile patasi zangu za kuchongea mbao siuzi tena. Huyo jamaa wa hapo Malindi alotaka kuzinunua mwambie aniwie radhi, na kama ashakupa chochote mrudishie, nitakulipa mimi. Utasema huyu kichwa chamruka, juzi tu alililia kuziuza hata kwa bei ya chuma chakavu. Basi keti nikueleze, manake kwa simu ningecheka nikakata.

Unaikumbuka ile oda ya fremu za vioo? Arubaini zote, kila pembe waridi lilelile na mnyororo ukingoni, na mwenye hoteli mpaka leo baki yangu hajaleta. Lakini si pesa ilonimaliza. Nilipofika fremu ya ishirini hivi nikawa nachonga huku natazama mpira kwenye simu, na mawaridi yatoka sawasawa! Nikajiuliza, sasa mimi na zile mashine za kompyuta za kuchonga tofauti yetu ni nini, isipokuwa zenyewe haziumwi na mgongo. Tangu siku ile nikishika nyundo mkono wataka kulala, nikawa nashinda barazani na kahawa chungu nasema biashara mbaya, watalii hawaji, uongo mtupu, watalii walikuwako.

Alonitoa ni mpwa wangu wa miaka kumi, na yeye hata hajui. Ana darsa ya khati, ule uandishi mzuri wa herufi za Kiarabu, baada ya isha, na usiku mmoja umeme umepotea mtaa mzima mamake akaniambia mpeleke. Nikaketi mlangoni kumngoja, mwalimu akaniona nimekaa bure akanipa kalamu ya utete na karatasi, haya na wewe andika alif. Alif bwana! Kijiti tu kimesimama. Kumbe hata hicho kina kipimo, unaweka nukta kwa kalamu ileile moja juu ya nyingine ndio ujue urefu wake. Yangu ikatoka imelala kama mlingoti wa mashua ilopigwa na kusi na wale watoto wakacheka mpaka mmoja akamwaga wino. Mimi nilochonga miaka kumi na tisa. Siku ya pili nikarudi, na mpwa nikamwacha nyumbani ana homa.

Nikaendelea hivyo miezi miwili. Tukafika kwenye kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee, na hapo ndipo utamu, manake Kiarabu hakina P, kwa hiyo ukikuta karatasi ya zamani imeandikwa "paka" waweza kusoma "baka" na usijue mpaka umalize mstari mzima. Nilikuwa nalala na karatasi mkononi, mke wangu asema nimeoa upya.

Halafu Julai nikaitwa Mombasa, kongamano la ile Siku ya Kiswahili ya UNESCO ya tarehe 7. (Kumbe tarehe yenyewe yatokana na chama cha TANU kule Tanganyika 1954. Sisi tunolala na Kiswahili kitanda kimoja ndio wa mwisho kujua.) Niliitwa niketi na meza ya vijisanduku nje, lakini jua lilikuwa kali nikaingia ndani kutafuta feni tu. Mule mama mmoja alikuwa anaonyesha ukutani picha za miswada ya Muhamadi Kijuma, yule mtunzi wetu wa Amu (Lamu) alofariki 1945, karatasi zake nyingi ziko London kule chuo cha SOAS. Mimi Kijuma namjua kwa mashairi. Nilokuwa sikumtilia maanani ni kuwa huyohuyo alikuwa akichonga milango. Nikatazama zile pambo alizoweka kwenye karatasi, nikasema lakini hii ni mkono wa mchongaji huu, hivi ndivyo patasi inavyokata kona. Nilisema kwa sauti bwana, watu wakageuka. Chakula chao kilikuwa kibovu lakini sikujali.

Sasa sikia ya basi. Twarudi, tumeshavuka Garsen, tairi pancha. Nikakaa kivulini na mama mmoja mtia piko, ile rangi nyeusi ya kupambia mikono, atoka kumpamba bibi harusi huko kwenu. Akaniuliza makovu ya vidole ni ya nini, nikamwambia. Akaniambia nichoree basi hilo waridi lako, nikachora, akalitazama akasema zuri, lakini mbona limesimama kama polisi? Akachukua biro yangu na ile karatasi ya viazi karai alokuwa akila. Hakupima kitu. Doa moja katikati, likawa ua, ua likatoa mkia, mkia ukaenda ukakutana na alama ya mafuta ya viazi, nami nikadhani ameharibikiwa. Akalizunguka lile doa la mafuta akaligeuza tunda. Kisha akajifutia mkono na karatasi hiyohiyo akaitupa! Niliifuata kichakani kama mwendawazimu, ninayo.

Nilipofika nyumbani sikulala. Ule ubao wa mwembe niloutupa uani kwa sababu ya fundo katikati, nimeutoa. Nachonga mfaa, ule mti wa katikati, wa mlango wa chumba cha mama, waridi halimo hata moja, kuna mkia mmoja unopanda kutoka chini, na ukifika lile fundo sijui bado utafanya nini. Nimeuharibu kidogo upande wa kushoto, nikalia, nikaendelea. Malipo hakuna, mama ashasema halipi.

Kwa hiyo ile patasi ya nusu inchi ulokwenda nayo kumwonyesha mnunuzi naitaka, nimekwama bila yake hapo kwenye fundo. Ifunge kwa gazeti umpe dereva wa basi la asubuhi, nitaingoja Mokowe mwenyewe. Na uifunge vizuri makali, mara ya mwisho ulimkata mtu wa mizigo.

Nduguyo,
fundi wa Amu