Mkimbizi afundishwe Kiingereza cha kazini

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mkoani Kigoma, wakahamishiwa Marekani ni nzuri, ila mmesema tu kwamba huko wanasoma Kiingereza. Kiingereza kipi?

Kazi yangu ni kufundisha lugha waongoza watalii hapa Moshi. Kijana anakuja na cheti cha kidato cha nne, nyakati zote za vitenzi anazijua, lakini mgeni akimwambia pale Barafu, kambi ya juu Mlima Kilimanjaro, kwamba kichwa kinamwanga na chakula hakikai tumboni, dalili za ugonjwa wa mwinuko, anaduwaa. Mwenzake aliyeanzia upagazi na kuishia darasa la saba anauliza papo hapo: umekunywa maji? Umekojoa? Hebu tembea hapa nikuone. Sarufi inachechemea, mgeni anateremshwa mapema. Sisemi sarufi haina maana, maana ndiyo inayonilisha. Nasema mlima ndio unaoamua tuanze na maneno gani.

Marekani, hadi mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025, huduma za mapokezi zilipangiwa siku 90 za kwanza, na mkimbizi alihimizwa apate kazi haraka. Wengi huishia viwanda vya nyama, maghala au usafi wa hoteli. Waajiri husema lugha wataiokota kazini. Kwa nani? Mashine zinanguruma, masikio yamezibwa, na anayesimama kando yako naye ni mgeni kutoka nchi nyingine. Mtu anakata nyama mwaka mzima bila kuweza kusema kisu ni butu, mkono umekufa ganzi, au haya makato ya mshahara ni ya nini. Madarasa ya jioni yapo, lakini jioni ndiyo zamu yake inaanza, au watoto wanamsubiri.

Ujerumani wamejipanga zaidi: kozi ya kawaida ya wahamiaji ina vipindi 600 vya lugha, na tangu 2016 serikali ina kozi za lugha ya kazi. Hizo nazo kwa kawaida hufuata baada ya ile ya kwanza.

Mimi ningependa darasa liwe ndani ya saa za kazi, tena zinazolipwa, na mwalimu aingie kwanza kiwandani asikie wasimamizi wanavyoongea, kwa sababu hawaongei kama kitabu. Na wanaofundisha Kiingereza huko Kigoma wasingoje mtaala kutoka mbali. Wawaulize waliotangulia, ambao kila siku wako WhatsApp na ndugu zao kambini: wiki ya kwanza kazini, ni neno gani mlilikosa?

Mwalimu wa lugha,
Moshi