Dereva akizidiwa na usingizi, apaki wapi?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni dereva wa semi-trela. Tunapakia makontena Bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, Kongo, tunarudi na shaba. Kila ajali ikitokea usiku, nasoma magazetini kwamba madereva wa malori tunaegesha ovyo kando ya barabara. Ni kweli, tela lililosimama gizani linaua. Eneo la Igawa, mkoani Mbeya, nimesaidia kutoa abiria kwenye basi dogo lililoingia chini ya tela la mwenzetu, na sitamani kuona tena kitu kama kile. Lakini anayetulaumu atuonyeshe pa kuegesha.

Kutoka mizani ya kupima malori ya Mikese, Morogoro, hadi mizani ya Wenda, Iringa, ni zaidi ya kilomita 300. Katikati ipo Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 ambazo huwezi kulala. Mbele yake upo mlima wa Kitonga, ambako gari lenye tani 56 linapanda taratibu mno, vijana wanadandia nyuma na kukata maturubai, na dereva hawezi kusimama katikati ya mlima. Panapobaki ni Ruaha Mbuyuni, Ilula na viwanja vya vituo vya mafuta, ambavyo saa mbili usiku vimeshajaa. Ukikosa nafasi unalala ukingoni mwa lami, jiwe chini ya tairi, matawi ya miti nyuma.

Na kulala kwenyewe ni kwa jina tu. Utingo anakesha karibu na tangi la mafuta. Akipitiwa na usingizi hiyo saa tisa, wezi wa mafuta wanakuja na mpira na madumu, bodaboda inawasubiri. Asubuhi geji imeshuka. Tajiri mwenye gari haulizi nani kaiba. Lita zinakatwa kwenye mshahara wa dereva. Ndiyo maana wengi wetu tunaona afadhali tuendelee kuendesha huku macho yanafumba, kuliko kusimama tukaibiwa. Trafiki anapokuja kupima ajali asubuhi, anaandika mwendokasi. Hakuna anayeandika kwamba yule dereva alipita vituo vitatu usiku ule akitafuta nafasi.

Marekani walishapitia haya. Machi 2009 dereva wa lori Jason Rivenburg alikuwa anapeleka maziwa South Carolina, akawahi mno kabla ya saa ya kushusha, akakosa pa kuegesha salama. Akalala kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa, akauawa na mwizi aliyepata dola 7 tu. Mke wake alipambana hadi mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya fedha za kujenga maegesho ya malori. Hata hapa Dar es Salaam, yadi ikifunga saa kumi na mbili jioni, dereva aliyefika saa moja anaambiwa arudi kesho. Alale wapi na kontena la watu mgongoni?

Ninachoomba hakihitaji mipango mikubwa. Wizara ya Ujenzi na TANROADS waanzie kwenye mizani. Barabara hii ina mizani Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba. Taa zipo, watumishi wapo usiku na mchana. Waongeze pembeni uwanja wa kokoto iliyoshindiliwa, ukuta, walinzi, vyoo, maji, na daftari la kuandika namba ya gari likiingia na likitoka. Ruaha Mbuyuni, ambako hakuna mizani, wajenge kiwanja chake peke yake, maana pale ndipo tunapochoka. Vyoo navitaja kwa uzito. Siku hizi wapo dada zetu kwenye usukani, na kuwaambia waende vichakani usiku ni kuwaweka hatarini.

Tuko tayari kulipia. Zipo halmashauri zinazotutoza ushuru wa maegesho na kutupa risiti ya mashine, lakini uwanja hauna hata balbu moja. Ila malipo hayo yasitoke kwenye mileji, yaani posho ya safari ya dereva. Mwenye gari ayaweke kwenye gharama za safari kama anavyoweka za mpakani, kwa sababu mzigo unaolindwa ni wake na wa mteja wake.

Bajeti ya Wizara ya Ujenzi husomwa Dodoma kabla ya Julai. Wabunge wa barabara hii, kuanzia Kibaha hadi Tunduma, wamuulize Waziri: kiwanja cha Ruaha Mbuyuni kinaanza kujengwa lini?

Dereva wa masafa marefu,
Mlandizi, Pwani.