Mchungaji akikosea: barua kwa vijana wa kwaya

Bwana Yesu asifiwe, wanangu.

Nimesomewa mnayoandikiana kwenye kundi la WhatsApp tangu mchungaji aazime fedha ya sare na isirudi. Wapo wanaomwita mwizi na kurushiana sauti yake akifoka. Wapo wanaowajibu kwa mstari mmoja tu: "Msiwaguse masihi wangu." Nyote mmenichosha, ila hawa wa pili zaidi, kwa sababu wameishika Biblia na hawajaifungua.

Mstari huo ni wa Zaburi ya 105, na masihi hapo maana yake ni wapakwa mafuta wa Mungu. Wanaosemwa pale ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, watu wachache waliokuwa wakihamahama katika nchi za wenyewe. Wanaoonywa ni wafalme waliokuwa na nguvu ya kuwaangamiza. Sasa someni Mwanzo 20. Abrahamu amefika Gerari, ameingiwa na hofu, akasema Sara ni dada yake. Mfalme Abimeleki akamchukua Sara. Usiku Mungu akamwambia mfalme amrudishe yule mwanamke, kwa maana mumewe ni nabii. Nabii, naye ametoka kusema uongo! Kulipokucha Abimeleki hakumdhuru. Alimwita akamwuliza ana kwa ana, umetutenda nini? Abrahamu akajitetea kwamba Sara kweli ni dada yake kwa baba (utetezi dhaifu, tukisema kweli). Hakuna mahali Mungu alipomkemea Abimeleki kwa kuuliza. Tena nyumba yake iliponywa kwa maombi ya mtu yule yule aliyemponza.

Nataka mmheshimu mchungaji kwa namna ya Abimeleki. Kurusha sauti ya mtu aliyekasirika ili watu wa mtaa wa pili wacheke si kuuliza. Kwenda kwake na daftari la mhazini, mkamwambia "Baba, hizi fedha tunazihitaji kabla ya Pasaka", ndiko kuuliza, na wala hakuna aliyemgusa masihi.

Baadhi yenu mmesema hamtapokea Meza ya Bwana mkononi mwake. Hilo si jambo jipya. Baada ya mateso yaliyoanza mwaka 303 chini ya Diocletian, kaisari wa Rumi, Wakristo wa Afrika Kaskazini waligawanyika kuhusu viongozi waliokabidhi Maandiko kwa watesi: je, huduma ya mtu wa namna hiyo ni halali? Kundi lililoitwa Wadonati likasema si halali, na kanisa likapasuka kwa vizazi. Sisi Walutheri tulishakiri katika Ungamo la Augsburg, tamko la imani yetu la mwaka 1530, ibara ya nane, kwamba sakramenti inasimama juu ya agizo la Kristo, hata kama anayeitoa ni mwovu. Njooni mezani. Deni la sare halijamfikia Kristo.

Ila msinisikie vibaya. Hasira na deni ni udhaifu tunaoweza kuukalia kikao. Mtoto akishikwashikwa, au mtu akipigwa, hiyo si ya kikao cha wazee: nendeni Dawati la Jinsia na Watoto, polisi, siku hiyo hiyo, hata mtuhumiwa awe askofu. Na anayewaambia msiulize kabisa, mkumbukeni Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyopita 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe.

Paulo alimwandikia Timotheo asipokee mashitaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu. Mstari unaofuata, ambao hausomwi sana, unasema wanaoendelea kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Kwa hiyo waende watatu: mwenyekiti, mhazini, na mama mmoja wa sauti ya kwanza ambaye mchungaji humsikiliza. Wasiende Jumapili, hapo anakuwa amechoka na ibada mbili. Akikataa, lije baraza la wazee. Nalo likishindwa, tutamwandikia mkuu wa jimbo, na barua hiyo nitaisaini mimi.

Zile sauti zifuteni leo. Mhazini aniletee daftari Alhamisi kabla ya mazoezi, tarehe na kiasi viwe vimeandikwa kwa wino.

Mzee wenu wa kanisa