Nyumba Hii Alipewa Bibi Yako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana baada ya isha, na leo asubuhi nikausikiliza tena nikichambua mchicha. Umesema kijana mmoja wa darasani kwenu amekwambia ukitaka haki za wanawake uende Ulaya, huku Pwani hayo ni mambo ya kuletewa. Nawe ukanyamaza. Ukimwona tena, mwambie aje Lamu nimpitishe chini ya wikio letu, lile daraja la ghorofani linalounganisha nyumba mbili juu ya njia.

Watalii huambiwa wikio lilijengwa kuwaficha wanawake wasionekane njiani. Ni kweli, lakini kweli hiyo ni nusu. Mzee wa mtaa wa Mkomani mwenye uwezo alikuwa akimjengea binti yake nyumba, au akimwongezea ghorofa juu ya yake mwenyewe, kisha anaunganisha kwa wikio ili mabinti wapitiane. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Wakiachana, ni yeye aliyefunga mzigo wake akatoka, na mwanamke akabaki na zidaka zake na vyombo vyake vya kauri ukutani. Waongozaji wa wageni wangeongeza tu hapo, "na nyumba ilikuwa ya nani?"

Hii yetu, bibi yako alipewa na babake kwa hiba, zawadi atoayo mtu akiwa hai, alipoolewa. Naye akanipa mimi akiwa hai, mbele ya mashahidi, akanikabidhi funguo mkononi. Sasa wajomba zako wamepata mnunuzi Mzungu anayetaka kuigeuza nyumba ya wageni, wakanijia na hesabu ya mirathi: mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Hesabu hiyo ni ya Qur'ani, siipingi. Lakini kilichotolewa kwa hiba kikapokewa hakimo katika mirathi, na hilo nalo ni la dini hiyo hiyo. Mjomba wako mkubwa alinitazama kama nimemtukana. Hakutarajia nijue.

Tena mimi si wa kwanza. Kaa siku moja kwenye baraza la mahakama ya kadhi utazame wanaongoja zamu. Wengi ni wanawake, buibui na mafaili, wanadai masurufu, mahari, talaka waliyonyimwa. Mama zao walifanya hivyo, na bibi zao.

Lakini usije ukadanganywa, hata na mimi, kwamba zamani ilikuwa pepo. Mwanamke wa kiungwana wa hapa alitoka akiwa ndani ya shiraa, hema la nguo lililoshikiliwa na wajakazi. Yule mjakazi hakuwa na nyumba ya hiba. Hata mwili wake haukuwa wake. Utumwa ulipofutwa na serikali mwaka wa 1907, shiraa nayo ikaanza kutoweka, maana nani angeishika? Buibui likaenea, na aliyekuwa mjakazi akalivaa sawa na aliyekuwa bibi yake. Hapa mjini watu hawapendi haya yasemwe, ilhali wengi wetu tuna damu ya pande zote mbili. Mimi naona kuvaa vazi lile kulikuwa kudai haki pia.

Na huko Kilifi unakosoma uko nyumbani kwa Mekatilili wa Menza. Waingereza walitaka kodi na vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba yao. Mjane yule akapita kijiji kwa kijiji na ngoma ya kifudu, akawakusanya watu, wakala viapo kwamba hawatatii. Wakamkamata mwaka wa 1913, wakampeleka mpaka Kisii, akatoroka akarudi. Mwaka wa 1914 wakailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Sasa sikiliza hili, ndilo ninalolipenda: mwaka ule ule wa 1913, serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiwafunga wanawake wa kwao huko London kwa kudai kura. Kura yenyewe waliipata 1918, tena waliofika miaka thelathini tu, na ikabidi wangoje hadi 1928 wawe sawa na wanaume. Basi nani alimletea nani?

Mombasa nako, mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake wa Kiarabu walikusanya saini kudai kura walipoona imepewa wanaume wao peke yao. Cairo, Huda Shaarawi alishaunda chama cha wanawake tangu 1923. Hao wa Mombasa na Cairo ni watu wa dini yetu.

Watakuletea utendi wa Mwana Kupona, yule mshairi wetu wa kale, najua. Wakati wa posa kila mtu hukumbuka kwamba alimwusia bintiye radhi ya mume. Huo wasia ni wa 1858 na mimi siukubali wote. Lakini wanaoutumia kukunyamazisha wanasahau kwamba ni mwanamke wa visiwa hivi aliyekaa na wino na karatasi, mgonjwa, akamwachia binti yake maandishi.

Ya leo unayajua kunishinda. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge halikutunga sheria ya kuitekeleza, hata Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais mwaka wa 2020 alivunje. Halikuvunjwa. Kwa hiyo huyo kijana asikwambie jambo limekwisha, wala kwamba limeanza juzi.

Jumatatu nakwenda kwa kadhi na karatasi ya bibi yako. Shahidi mmoja bado yu hai, yuko Shela, nguvu anazo na kumbukumbu anayo, nimeshaongea naye. Ukija likizo njoo na nakala ya kitambulisho chako, nataka hiba yako iandikwe wajomba zako wakiwapo wasikie. Nduguyo nimeshamwambia. Amenuna kidogo, lakini anakula.

Mamako