Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Waandishi, Moshi

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulikutana mara tisa, tukatembelea shule mbili, tukamzika mzee wetu mmoja na kupokea wanachama wapya wanne. Hayo mnayajua.

Niende kwenye ramani, maana naona ndiyo iliyowaleta kwa wingi leo. Kamati ilitoa Sh 350,000 kumlipa kijana atuchoree nchi ya riwaya yetu ya pamoja, na maneno yakawa mengi: eti fedha za uchapaji zimeishia kwenye rangi. Naeleza kwa mara ya tatu.

Tulikuwa na sura kumi na moja za waandishi saba. Katika sura ya pili mjumbe wa mfalme anavuka nchi kwa siku moja. Katika sura ya saba, njia ileile, punda yuleyule, siku tano. Mto mmoja ulikuwa unapanda mlima. Msitu mnene ulikuwa upande usiopata mvua. Kwa watu wanaoamka kila siku wakiutazama Kilimanjaro, hii ni aibu. Mvua nyingi huishia upande wa kusini; Kibosho na Marangu migomba imeshonana, lakini zunguka kaskazini uone vumbi. Mlima ndio unaoamua nani apande ndizi na nani achunge.

Ndipo nikapendekeza (mimi, kumbukumbu za kikao zipo) tuanze na milima, mito iteremke yenyewe, kisha ije mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia kama ya Wachagga, vijiji vije mwisho. Umbali tukaupima kwa siku za kutembea, za kupanda mbali na za kushuka mbali. Basi vita vya zile koo mbili, ambavyo havikuwa na sababu ila laana ya mganga, vikapata sababu: ukoo wa juu umeshika mfongo, wa chini unangoja maji. Sura tatu zimeandikwa upya kwa hilo tu.

Mwenzetu mmoja alisema Shaaban Robert aliandika Kusadikika bila ramani. Sawa, na nchi ile iko angani. Lakini hata yeye aliwatuma wajumbe sita pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Dira alikuwa nayo. Na Stevenson, yule mwandishi wa Uskoti, alichora ramani ya kisiwa kwanza, mwaka 1881, ndipo Kisiwa chenye Hazina kikafuata.

Kwamba mchoraji ni mtoto wa shemeji yangu, sikuficha. Wengine wawili walitaja bei kubwa zaidi. Na wanaosema nilipaswa kuitisha kikao kabla ya kulipa: nilikiitisha. Mlikuja sita. Akidi ni kumi na tano.

Ada: wanachama 41, waliolipa 14, makusanyo Sh 420,000, matumizi yote Sh 515,000, pengo Sh 95,000 nimeliziba kwa mfuko wangu na sijalidai. Baadhi ya wanaoilalamikia ramani zaidi, majina yao kwenye daftari la mweka hazina sijayaona.

Mwakani tunatarajia kuimaliza riwaya, kutafuta mchapaji na, Mungu akijalia, kuizindua. Ramani yenyewe iko kwa katibu. Anayetaka kuiona aende, ila anawe mikono kwanza. Nakala ni hiyo moja.

Mwenyekiti