Salamu za Sikukuu ya Mtakatifu Radegunda, 13 Agosti

Wapendwa katika Kristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Siku mbili kabla ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, tunamkumbuka Mtakatifu Radegunda, binti mfalme wa Thuringia, katika Ujerumani ya leo, aliyefariki mwaka 587 huko Poitiers, Ufaransa. Nawatakieni nyote heri ya sikukuu, hasa akina mama na mabinti ambao yeye ni somo wao.

Baba yake, mfalme Berthachar, aliuawa na ndugu yake mwenyewe. Kisha, mwaka 531, Wafranki, watu waliotawala sehemu kubwa ya Ufaransa ya leo, walipoivamia nchi yao, Radegunda, akiwa bado mtoto, alichukuliwa mateka na kuangukia mikononi mwa mfalme wao Clothar, ambaye baadaye alimwoa. Kila nifikapo hapa moyo wangu huwa mzito, kwa kuwa sisi tunamwita malkia upesi mno, na taji lenyewe alivishwa na yule yule aliyemteka. Akiwa malkia aliwaogesha maskini na kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yake. Clothar alipomuua ndugu wa kiume wa Radegunda, mama huyu alikimbilia kwa Askofu Medard wa Noyon, na ingawa wakuu wa Wafranki walimtisha askofu asimweke wakfu mke wa mfalme, Radegunda alisimama imara mpaka akawekewa mikono kuwa shemasi, akayaacha mavazi yake ya kimalkia altareni.

Alianzisha monasteri Poitiers, lakini hakutaka kuiongoza: Agnes, aliyemlea kama binti yake, ndiye aliyekuwa abesi, naye Radegunda akashika zamu ya kupika na kufagia kama watawa wengine. Mwaka 569 Kaisari Justino wa Pili alimpelekea kutoka Konstantinopoli kipande cha Msalaba wa Bwana, na kwa ajili ya mapokezi hayo mshairi Venantius Fortunatus akatunga Vexilla Regis, utenzi ambao Kanisa lingali linauimba katika Masifu ya Jioni ya Juma Kuu.

Ndugu zangu, jioni ya leo, mtakaposali mbele ya msalaba ulioko nyumbani kwenu, nawaomba mtaje katika sala watoto waliotekwa vitani, ambao hadi sasa hawajarudi kwao.

Mtakatifu Radegunda, utuombee.