Kabla hujaitia taa ya gari kwenye oveni ya nyumbani

Kijana mmoja wa Mamboleo, Kisumu, alituletea gereji taa mbili za Toyota Fielder ndani ya gunia. Alikuwa amezifungua mwenyewe nyumbani, kwa kulegeza gundi yake kwenye joto la oveni, akaipaka fremu ya ndani rangi nyeusi, akaweka projekta, yaani kile kifaa chenye lenzi kinachoelekeza mwanga, akafunga. Zilipendeza kweli. Mvua ya Aprili ilipopiga usiku mmoja, asubuhi taa ya kushoto ilikuwa na maji ya kina cha kidole. Lakini maji si kitu, maji humwagwa. Kilichoniuma ni rifleta, ile sahani inayong'aa nyuma ya balbu: ilikuwa imeingia weupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na weupe wenyewe haukutoka. Nikaisogeza taa puani, ikanuka siki. Hapo nikajua alikuwa amefunga kwa silikoni ya madirisha.

Silikoni inayonuka siki hutoa mvuke wa asidi inapokauka. Ndani ya taa iliyofungwa, mvuke huo hauna pa kupitia, kwa hiyo hutua kwenye rifleta. Nayo rifleta si chuma kizima, ni plastiki iliyopakwa utando mwembamba mno wa alumini. Ukiipangusa kwa kitambaa kikavu, inachubuka. Supaglu nayo ina ubaya wake, kwani mvuke wake huacha weupe mfano wa vumbi la chaki. Watu wengi hutuuliza taa inafunguliwaje. Wanaouliza inafungwaje ni wachache sana, na taa nyingi tunazoletewa zikiwa zimeharibika ziliharibikia hapo kwenye kufunga.

Kabla ya yote, angalia kama kweli una haja ya kufungua. Kioo cha taa kikiwa cha njano na kimechakaa, ubovu uko nje, si ndani. Kioo hicho ni plastiki iitwayo polikaboneti, na huwa kimepakwa utando wa kukikinga na jua. Utando ukiisha, jua hukila. Tunakisugua kwa msasa wa maji, namba 800, halafu 1500, 2000 na 3000, tunapiga polishi, kisha tunapaka kinga mpya. Usiruke kinga hiyo, maana bila yake njano hurudi upesi. Na kama taa inaingia ukungu baada ya mvua au baada ya kuoshwa, tazama kwanza vifuniko vya mpira nyuma ya balbu na vile vijishimo vya kupumulia. Mara nyingi fundi wa mwisho kubadilisha balbu hakurudisha kifuniko sawasawa. Kazi kama hizi hazihitaji oveni.

Sasa tuseme unataka projekta, au fremu nyeusi, na umeamua kufungua. Jambo la kwanza ni gundi. Taa nyingi za magari ya Japani tunazofungua, Toyota, Nissan na Mazda, zimebandikwa kwa butili, gundi nyeusi laini ambayo ikipata joto inavutika nyuzinyuzi kama chingamu ya juani. Hiyo hufunguka, na hufungika tena. Lakini kuna taa nyingine, hasa za magari mapya, zilizobandikwa kwa gundi ngumu ya poliyurethani, na hiyo hailegei kwa joto lolote ambalo plastiki itastahimili. Chokoa kidogo kwa ncha ya bisibisi ukingoni. Ikibonyea na kunata, ni butili. Ikiwa ngumu kama soli ya kiatu, acha. Taa hiyo inafunguliwa kwa kukatwa, na sisi wenyewe hatuikati bila kumweleza mwenye gari kwamba kioo kinaweza kupasuka.

Toa balbu zote, vifuniko, mota ya kuinua na kushusha mwanga, klipu na kila skurubu. Kama gari lilikuja na taa za xenon, chomoa betri kwanza, maana balasti, kile kifaa kinachoipa balbu ya xenon umeme, huiwasha kwa zaidi ya volti 20,000, na huo si umeme wa kujaribiwa na vidole. Taa za LED zenye vifaa vya elektroniki visivyotoka usizitie kwenye joto kabisa.

Butili hulegea vizuri kwenye nyuzi 100 hadi 110. Polikaboneti huanza kulainika karibu na nyuzi 147. Nafasi yako ni hiyo tu, na oveni nyingi za gesi za nyumbani hazisemi ukweli: kisahani kinaonyesha 100 huku chini, penye moto, joto limepita mbali. Taa yangu ya kwanza kabisa niliibonyeza hivyo, ikatoka na pembe moja imelala kama mshumaa. Tangu hapo nanunulia oveni kipimajoto chake. Pasha oveni, zima moto, kisha ndipo uingize taa juu ya ubao uliofunikwa taulo lenye unyevu, isiguse chuma popote. Iache dakika nane hadi kumi. Itoe kwa glavu, anzia kwenye kona, vuta polepole. Ikigoma usiilazimishe, irudishe ndani dakika chache, kwa sababu vile vidole vya plastiki vinavyoshika kioo vikivunjika havirudi. Na tafadhali, isiwe oveni ya kupikia chakula cha watoto.

Kufunga ndiko kunahitaji subira. Toa butili yote ya zamani kwenye mfereji unaoshika ukingo wa kioo, yote, hata ikichukua jioni nzima. Ukiacha vipande vya zamani na kuweka vipya juu, maji yatapata njia katikati. Weka kamba mpya ya butili ya taa mfululizo, na miisho yake ipishane upande wa juu wa taa, siyo chini ambako maji hukaa. Ndani usiache alama ya kidole, wala unywele. Rudisha kwenye joto, bana kwa vibanio pande zote, rudisha skurubu. Kisha ijaribu kwa maji kabla ya kuirudisha garini. Sisi huiacha chini ya bomba nusu saa na kuiangalia tena kesho yake.

Nina neno moja kuhusu projekta zenyewe, na hili nalisema kwa uchungu. Mwanga wa dimu, ule wa chini wa kupishana na magari, una mstari wa juu ambao upande mmoja hupanda kidogo ili kuangaza kando ya barabara. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo lazima uinuke kushoto, kama magari ya Japani na Uingereza. Projekta iliyotengenezewa Marekani hupandisha mwanga kulia, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Hebu fikiria usiku kati ya Ahero na Awasi: bodaboda haina taa ya nyuma, trela linakuja, na wewe unalimwagia dereva wake mwanga usoni. Tumekataa kufunga projekta za namna hiyo hata mteja akiwa ameshazilipia kwingine. Kuweka balbu ya xenon kwenye taa ya kawaida isiyo na projekta ni kosa hilohilo, kwa sababu rifleta haikuchongwa kwa balbu hiyo na mwanga hutawanyika kila upande.

Ukimaliza, mwanga lazima upimwe. Egesha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Weka alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa zako, kisha mstari wa dimu uwe takriban sentimita 10 chini ya alama hiyo. Magurudumu yawe na upepo sahihi na mtu aketi kiti cha dereva, maana gari tupu hudanganya.

Kwetu kazi ya kupima tunaifanya kuanzia saa moja jioni, giza likishaingia. Waliofungua taa wenyewe pia tunawapimia, hata kama hatukuzigusa. Kama kwa kawaida unabeba mzigo nyuma, njoo nao.